Koo Hutangulia

Kwanza alikuwa wavu mtupu.
Felek, mtoto wa kuwasha taa za barabarani,
miaka tisa kwenye hadithi, siku tatu kwenye kompyuta yangu,
ngozi bila nyama, ndani hewa, kama kibuyu kilichokaushwa.
Nikampandikiza mifupa, mia mbili na kumi na minne,
mingi kuliko uliyonayo wewe,
maana shavu lake halijui kukunjika bila kuamriwa
na kope haishuki ila nimeifunga kamba.
Mara ya kwanza nilipomwinua mkono
bega lilichomoka, sikio likalifuata,
meno yakatokea kisogoni yakicheka.
Sisi mafundi tulicheka pia.
Ksawery, mwongozaji, hakucheka.

Hapa Łódź, jengo letu lilikuwa kiwanda cha nguo.
Matofali mekundu, madirisha marefu kama ya kanisa.
Kilipo kiti changu, ghorofa ya pili, karibu na bomba la joto,
ndipo mama yangu Genowefa aliposimama miaka ishirini na sita
kati ya mitambo minne ya kufuma
iliyonguruma hadi ikamla masikio.
Ndani ya ukumbi ule sauti haikuwa na kazi.
Wanawake walisemezana kwa midomo:
umbea, mapishi, nani ana mimba, nani kafiwa,
maneno yakivuka nyuzi kimya kimya.

Nami riziki yangu ni midomo.
M hufunga. O huviringa. F huuma mdomo wa chini, kidogo tu.
Nimemuundia Felek vinywa arobaini
nikavipanga kama fundi cherehani apangavyo vifungo.

Jumapili, theluji ikianguka, nikampelekea mama kipande,
sekunde sita, Felek bado wa kijivu, hana nywele,
hana sauti. "Soma," nikamwandikia juu ya bahasha ya bili ya gesi.
Akavaa miwani. Akatazama mara tatu.
"Mdomo unasema: mama, usiniache gizani.
Macho yanasema: nipitishie chumvi."

Nilinuna. Halafu nikamimina chai.
Akanishika mkono, akauweka kooni pake.
"Aliyekuja kuniambia baba yako kaanguka,
nilimjua kabla hajafungua kinywa.
Koo hutangulia. Neno zito humezwa kwanza,
ndipo hutemwa."

Koo la Felek lilikuwa bomba tu.
Nikalitia mfupa mdogo, wa mia mbili na kumi na tano,
usiozidi punje ya dengu.
Fremu ya nane, unapanda. Ya kumi na moja, unashuka.
Kope ya chini inakaza. Pumzi inaingia, inakwama.
Fremu ya kumi na tisa, ndipo M.
Siku tisa kwa kumeza mate mara moja!
Ksawery akahesabu siku, akahesabu pesa, akashika kichwa.
Kisha akatazama.
"Iache hivyo," akasema, akaenda kuvuta sigara.

Wengine wakampa rangi, nywele, masizi puani,
na kompyuta mia moja kule chini ya ardhi,
palipokuwa na tanuri la mvuke,
zikakesha zikihesabu mwanga,
saa kumi na moja kwa kila fremu.

Nikampelekea mama tena. Bado bila sauti.
Safari hii hakunisomea chochote.
Aliisogelea skrini hadi pumzi yake ikaitia ukungu,
akamjibu mtoto:
"Nipo."

Filamu ilipotoka, kile kipande kilikuwa kimekatwa,
kimebaki sekunde mbili, ukipiga chafya umekikosa.
Ukumbi ulijaa watoto, bisi, makoti yaliyolowa.
Mama hakupiga chafya.